Kura ya Heshima na Kura ya Mapenzi: Kisa cha Karatasi Moja ya Albamu Kumi

Karatasi ya kura ya mashabiki wa muziki ilikuwa na nafasi kumi. Masharti yalikuwa machache: andika albamu unazozipenda kuliko zote, za wakati wowote na kutoka popote, kisha zipange. Ya kwanza inapata alama 10, ya pili 9, na kuendelea hivyo hadi ya kumi inayopata alama 1. Mikusanyiko ya nyimbo zilizovuma haikubaliwi. Kila mtu apige kura mara moja, na si lazima nafasi zote zijazwe.

Mpigakura ninayemzungumzia ni binti wa mama yangu mdogo, ana miaka 25, na muziki humtoka masikioni pale tu anapolala. Kabla ya kuwasilisha kura alinitumia orodha yake. "Kaka, hebu niangalizie kama imekaa sawa." Kuanzia juu, ilikuwa hivi: Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, Pet Sounds ya The Beach Boys, What's Going On ya Marvin Gaye, Thriller ya Michael Jackson, Nevermind ya Nirvana, OK Computer ya Radiohead, Kind of Blue ya Miles Davis, The Miseducation of Lauryn Hill, Legend ya Bob Marley and the Wailers, na mwisho 21 ya Adele.

Hakuna albamu mbaya hapo. Kilichonisumbua ni kwamba niliisoma orodha yote na yeye sikumwona. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 500 bora za wakati wote. Ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's, ya pili Pet Sounds. Karatasi ya mdogo wangu ilianza vilevile, kwa mpangilio uleule, na ninamfahamu: Pet Sounds sijawahi kuisikia ikitoka chumbani kwake hata siku moja.

Nikamuuliza swali moja tu: "Hizi ni albamu unazozipenda, au ni albamu unazodhani mtu mwenye akili anapaswa kuzipenda?"

Alikaa kimya kidogo, halafu akajibu kwa uaminifu ambao wapigakura wengi hawana: "Nyingine nimeziweka kwa heshima."

Hapo ndipo penye kisa chote. Katika kura za namna hii kuna kura ya mapenzi na kura ya heshima, na zikishaandikwa kwenye karatasi hazitofautishiki. Mhesabuji haoni kitu zaidi ya jina na nafasi yake. Mtu aliyeishi na albamu miaka kumi na mtu aliyesoma habari zake mara mbili wanatoa alama zilezile wakiiweka katika nafasi moja.

Madhara yake yanaonekana kwenye hesabu. Chukua wapigakura 100. Sitini kati yao wanaiweka albamu fulani maarufu katika nafasi ya nane, kwa sababu orodha bila albamu hiyo inaonekana pungufu. Nafasi ya nane ina alama 3, kwa hiyo albamu hiyo imeondoka na alama 180 bila kuwa chaguo la kwanza la mtu yeyote. Wapigakura wengine 15 wanaiweka albamu nyingine katika nafasi ya kwanza, na kila mmoja anamaanisha. Hizo ni alama 150. Iliyoheshimiwa imeishinda iliyopendwa. Pale ambapo kura haina mpangilio, yaani kila albamu iliyotajwa inapata alama moja, pengo linazidi kuwa kubwa: 60 kwa 15. Watu hudhani orodha za wakati wote hujengwa na nafasi za kwanza za mashabiki. Kwa sehemu kubwa hujengwa na nafasi za chini, zile tunazojaza haraka tukiwa tumeshachoka kufikiri.

Kwa wataalamu, kura ya heshima ina mahali pake. Mchambuzi analipwa kupima ushawishi, ufundi na historia, na anaweza kuipigia kura albamu asiyoisikiliza nyumbani. Hata hivyo, orodha zao nazo hubadilika wapigakura wakibadilika. Ile ya 2003 ilitokana na kura za watu takribani 270 wa tasnia ya muziki, na The Beatles peke yao walikuwa na albamu nne katika kumi bora. Jarida hilohilo lilipoanza upya mwaka 2020, likiwa na wapigakura zaidi ya 300 na mseto mwingine wa umri na aina za muziki, What's Going On ilipanda kutoka nafasi ya 6 hadi ya 1, Blue ya Joni Mitchell ikaingia ya 3, na The Miseducation of Lauryn Hill ikawa ya 10. Sgt. Pepper's iliteremka hadi ya 24. Nyimbo za Sgt. Pepper's ni zilezile za 1967, hakuna noti iliyoguswa. Walioulizwa ndio waliobadilika.

Sasa, umma unapoitwa kupiga kura, unaitwa kusema jambo ambalo wataalamu hawawezi kulisema kwa niaba yake: nini hasa kinasikilizwa na kupendwa, na kinadumu kwa nani. Shabiki anayenakili jedwali la wataalamu anawarudishia sauti yao wenyewe. Nilimwambia hivyo mdogo wangu bila kumzungusha. Akasema, "Sawa kaka, lakini nitajuaje kipi ni mapenzi?"

Nina kipimo kimoja ninachokiamini. Albamu unayoipenda unaujua mfuatano wake. Wimbo unapokaribia kuisha, sikio lako limeshaanza kuusikia unaofuata, na ukiusikia wimbo huo redioni, halafu mwingine ukafuata, unashtuka. Hili haliwezi kuigizwa, wala halipatikani kwa kusoma. Tukaipitia karatasi kwa kipimo hicho.

Sgt. Pepper's haikupita. Anaupenda sana wimbo wa mwisho, "A Day in the Life", ila kinachoutangulia hakujua. Nilipotaja Abbey Road, albamu ya 1969 ya wanamuziki walewale, akaanza kuimba bila kuombwa: upande wa pili wa santuri, pale "Golden Slumbers" inapoingia "Carry That Weight" na kumalizikia "The End", vipande vinavyoshikana hadi hujui kimoja kimeishia wapi. Kwa nini basi hakuiandika? "Kwa sababu inayoshinda ni Sgt. Pepper's."

Jibu hilo lina mantiki yake, na sikulipuuza. The Beatles wana albamu nyingi zinazostahili, na kura za mashabiki wao hugawanyika kati ya Revolver, Abbey Road, Sgt. Pepper's na ile yenye jalada jeupe. Mwanamuziki mwenye albamu moja tu inayotambulika hana tatizo hilo, kura zake zote huenda mahali pamoja. Shabiki anayelijua hili huanza kupiga mahesabu: niipigie ninayoipenda na ipotee, au niipigie yenye nguvu ili kundi langu lisishindwe? Lakini hata nguvu yenyewe huhama. Katika kitabu cha Colin Larkin cha albamu 1000 bora, kinachotokana na kura, Sgt. Pepper's iliongoza toleo la 1994, na toleo la 2000 likaongozwa na Revolver. Anayepiga kura ya mahesabu anabashiri watu wengine watafanya nini, na hao wengine nao wanambashiri yeye. Abbey Road ikaingia.

Pet Sounds ilitoka bila mabishano. Nevermind pia: anajua nyimbo mbili. OK Computer ilichukua muda kidogo. Alijua kwamba "Airbag" hufuatwa na "Paranoid Android", kisha akakwama. Mimi binafsi ningeipa albamu hiyo nafasi ya juu sana, naam, lakini karatasi haikuwa yangu.

Thriller ndiyo iliyonifundisha namna ya kukitumia kipimo vizuri zaidi. Ina nyimbo tisa, na saba kati yake zilitolewa pia moja moja. Zote saba ziliingia katika kumi bora za Marekani. Kuzijua hizo hakuthibitishi kitu, dunia nzima inazijua. Zimebaki mbili: "Baby Be Mine" na "The Lady in My Life". Nikamuuliza kuhusu hizo mbili tu. Ya pili aliimba hadi mwisho, pamoja na zile sauti ndogondogo za Michael wimbo unapofifia, akasema ndiyo anayoipenda kuliko "Billie Jean". Mtu aliyefika huko ameisikiliza albamu. Ikabaki.

Kind of Blue nilikuwa nimeishuku mapema. Wapigakura wengi huweka kiti kimoja cha jazi, kimoja cha rege na kimoja cha mwanamke, kisha wanakaa wakiwa wameridhika, na kwenye kiti cha jazi huwa anakalishwa Miles Davis. Nilikuwa tayari kuing'oa. Lakini alitaja nyimbo zake zote tano kwa mpangilio, kutoka "So What" hadi "Flamenco Sketches", akaeleza kwamba alisomea mitihani yake yote ya chuo akiwa nayo masikioni, na kwamba piano ya Bill Evans kwenye "Blue in Green" humfanya aache kalamu. Albamu iliyorekodiwa kwa siku mbili tu, mwezi wa Machi na wa Aprili mwaka 1959, imemshika binti aliyezaliwa miongo kadhaa baadaye. Umaarufu wa albamu hauifanyi kura yake kuwa ya heshima. What's Going On ilipita kwa urahisi uleule. Kwa jinsi nyimbo zake zinavyoungana, anayeipenda hawezi kusikiliza wimbo mmoja akaishia hapo.

Kizito kilikuwa Legend.

Legend ilitoka mwaka 1984, miaka mitatu baada ya Bob Marley kufariki, na ni mkusanyiko. Masharti yanaikataa. Mdogo wangu alilalamika, na malalamiko yake yana uzito: kwa mamilioni ya watu hiyo ndiyo albamu ya Marley, ndiyo waliyoinunua na ndiyo iliyochezwa nyumbani. Rolling Stone waliikubali, wakaiweka nafasi ya 46 mwaka 2003 na ya 48 mwaka 2020. Kwa nini waandaaji wa kura hii wakatae?

Nadhani wanaokataa wana haki. Mkusanyiko ni kazi ya mtu mwingine aliyepita baada ya mwanamuziki, akachuma kilichokwisha kuiva. Ukiuruhusu, kila msanii wa zamani ataingia na nyimbo zake nzuri zote kwa pamoja dhidi ya msanii mpya mwenye albamu moja yenye wimbo dhaifu katikati. Hayo si mashindano. Wakati huohuo sharti linamwumiza shabiki ambaye hakuwahi kukutana na albamu asilia, na wengi wa aina hiyo huishia kuitupa kura yao ya Marley kabisa au kuandika jina walilolisikia.

Tukatafuta njia. Santuri ya Legend ilikuwa na nyimbo 14. Tukazipanga kwa albamu zilikotoka, na tano zikaangukia mahali pamoja: "Exodus", "Jamming", "Waiting in Vain", "Three Little Birds" na "One Love", zote za Exodus ya 1977, albamu ambayo jarida la Time liliitangaza kuwa albamu ya karne mwaka 1999. Kwa hiyo nusu ya albamu hiyo yenye nyimbo kumi alikuwa anaijua tangu utotoni. Nilimwomba asiiandike bado. Nilimwambia akaisikilize kwanza yote kwa mfuatano wake.

Alirudi jioni hiyohiyo akiwa na mambo mengi ya kusema. Upande wa kwanza ulimshangaza: "Natural Mystic" inayokuja polepole kutoka mbali, kisha "So Much Things to Say", "Guiltiness" na "The Heathen", nyimbo za mtu aliyejeruhiwa na anayejihami. Alipojua kwamba Marley alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi Desemba 1976, na kwamba albamu hii aliirekodi akiwa London baada ya hapo, "Three Little Birds" iligeuka masikioni mwake. Kwenye Legend ni wimbo wa kufurahisha watoto. Kwenye Exodus unakuja baada ya risasi, hukumu na safari, na yule anayesema usiwe na wasiwasi ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi. Hicho ndicho albamu inachofanya na mkusanyiko usichoweza kufanya.

Je, Exodus sasa ni kura ya mapenzi, wakati ameisikiliza kwa ukamilifu siku moja? Tulibishana. Mimi nasema ndiyo, kwa sababu nusu yake imekuwa naye maisha yote na nusu nyingine imempa maana ya ile ya kwanza. Yeye alitaka kuishusha hadi nafasi ya mwisho kwa aibu ya kuchelewa. Tulikubaliana nafasi ya sita.

Nafasi zilikuwa zimebaki wazi, na ndipo nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: albamu gani haimo kwenye karatasi hii na unaisikiliza kila wiki?

"Ctrl," akasema upesi. Albamu ya SZA ya mwaka 2017. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na hapa ndipo kikohozi kilipomtoka. Alianza kueleza kuhusu sauti za mama na bibi ya SZA zinazosikika katikati ya nyimbo, wakizungumza naye kama wanavyozungumza wanawake wa nyumbani, na jinsi "Supermodel" inavyofungua kwa kidonda kilicho wazi na "20 Something" inavyofunga bila kidonda hicho kupona. Aliipata akiwa sekondari. Anaijua kila pumzi yake. Na hakuiandika hata katika nafasi ya kumi, kwa maelezo kwamba "bado changa, kaka, watu watacheka."

Hofu hiyo ni ya kawaida kwa wapigakura vijana, na inapaswa kukataliwa. Watafiti Morris Holbrook na Robert Schindler walionyesha mwaka 1989 kwamba watu huelekea kuupenda zaidi muziki uliovuma walipokuwa na umri wa takribani miaka 24. Wazee waliozipa ushindi albamu za miaka ya 1960 nao walikuwa wanapigia kura ujana wao. Tofauti ni kwamba ujana wao ulikwisha kuandikwa vitabuni. Kijana akisubiri ujana wake uandikwe vitabuni ndipo aupigie kura, atakuta wengine wameshamwandikia. Kweli, albamu iliyotoka mwezi uliopita inadanganya, masikio bado yamelewa. Lakini albamu iliyovuka shule, chuo na kazi ya kwanza, na bado inachezwa, imeshapita mtihani.

Kuna sababu nyingine, na kwa hii nina hasira kidogo. Mwaka 2012 tovuti ya muziki ya Pitchfork iliwaomba wasomaji wake wachague albamu bora za 1996 hadi 2011. OK Computer na Kid A, zote za Radiohead, zilichukua nafasi mbili za juu. Asilimia 88 ya waliopiga kura walikuwa wanaume. Miaka mitatu kabla ya hapo, redio ya Triple J ya Australia ilipiga kura ya nyimbo 100 bora za wakati wote, na katika nyimbo zote hizo hakukuwa na hata mmoja wa mwanamke anayeimba kwa jina lake mwenyewe. Nusu ya wasikilizaji wa dunia ni wanawake. Mmoja wao alikuwa mbele yangu, ameshika karatasi, na alikuwa ameifuta albamu yake mwenyewe ili ampishe Nirvana asiyemsikiliza.

Sikutaka ageuke upande wa pili na kuwapigia wanawake kwa wajibu, maana hiyo nayo ni heshima kwa vazi jingine. Kwa hiyo Lauryn Hill alipimwa kama wengine. Mdogo wangu alipanga "Lost Ones", "Ex-Factor" na "To Zion" bila kusita, akaongeza yale mazungumzo ya darasani kuhusu mapenzi yaliyo kati ya nyimbo, ambayo watu wengi huyaruka. Adele alibaki. Halafu akauliza kwa wasiwasi kama inaruhusiwa kuweka Back to Black ya Amy Winehouse pia, kwa kuwa "tayari nina Mwingereza mwanamke." Nilimwuliza kama aliwahi kujiuliza hivyo kuhusu bendi za wanaume. Akaiandika.

Kuna ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye kundi la mashabiki analoshiriki, ukiwataka wote waweke albamu ileile katika nafasi ya kwanza. Hakuufuata, na sina la kuongeza juu ya hilo.

Karatasi iliyowasilishwa ilikuwa hivi: Ctrl ya kwanza, kisha The Miseducation of Lauryn Hill, What's Going On, Back to Black, Thriller, Exodus, Kind of Blue, Abbey Road na 21. Tisa. Tano kati ya kumi alizokuwa ameandika mwanzo zilibaki: What's Going On na Kind of Blue katika nafasi zilezile, The Miseducation of Lauryn Hill ikapanda kutoka ya nane hadi ya pili, Thriller ikashuka hatua moja, 21 ikapanda hatua moja, na zilizoongoza mara ya kwanza zote mbili zikaondoka.

Nafasi ya kumi alinitolea mimi. "Weka OK Computer yako basi, kaka, najua unaitaka." Ni alama moja tu, na niliitamani. Nikamwambia aiache wazi. Alama moja ya namna hiyo, ikizidishwa kwa maelfu ya karatasi, ndiyo inayozipandisha albamu ambazo watu hawazisikilizi, na masharti yalisema wazi kwamba si lazima kujaza. Aliituma ikiwa na nafasi tupu chini. OK Computer niliiandika kwenye karatasi yangu, nafasi ya pili.